Kazi Isiyoonekana

Ziko kazi zinazokaguliwa na kila apitaye njiani. Mwashi akisimamisha ukuta ulioinama, watoto waendao shule watamcheka kabla chokaa haijakauka. Mshonaji akikata suruali, mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwenziwe, aibu yake itatembea mji mzima siku ya sikukuu. Watu hawa wana bahati, kwa maana macho ya wenzao ni fimbo inayowachunga wasipotee. Lakini ziko kazi nyingine ambazo zikiisha kufanywa hufunikwa, na mwenye mali huondoka na mali yake pasipo kuona hata sehemu moja katika mia ya kile alichokilipia. Fundi wa saa hufanya kazi ya namna hiyo. Kadhalika mtu afukiaye mabomba ya maji chini ya ardhi, atiaye vyuma ndani ya zege, na daktari ampasuaye mgonjwa aliyelazwa usingizi. Wote hao huachwa peke yao na kazi yao, na kifuniko kikisharudishwa mahali pake hakuna wa kuwahukumu.

Je, mtu wa namna hiyo anadaiwa nini, na mdai wake ni nani?

Swali hili ni la zamani sana. Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, alilitia katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri kwa kisa cha mchungaji mmoja wa nchi ya Lydia aliyeokota pete, nayo ni ile iitwayo mpaka leo pete ya Gyges. Akiigeuza kidoleni alitoweka machoni pa watu. Kwa pete hiyo alimwua mfalme akautwaa ufalme. Glaukon, ambaye ndiye msimulizi wa kisa hicho kitabuni, ataka kujua kama yuko mtu duniani ambaye akivishwa pete ile ataendelea kutenda haki. Wengi wakisoma kisa hicho hukiona kuwa cha mbali, maana hapana hata mmoja wetu aliyepata kuivaa pete ya kichawi. Mimi naona pete hizo ni nyingi mno, na nyingine zimefungwa kwa skrubu ndogo za shaba.

Ili swali lisitutoroke kwa ukubwa wake, nalitia ndani ya kitu kinachotosha katika viganja viwili: kamera ya zamani itumiayo filamu. Tena sitaitazama kamera nzima, bali chombo kimoja tu kilichomo ndani yake, nacho ni shata, yaani mlango wa nuru.

Kamera ninayoikusudia ni ya ukoo ulioanza Wetzlar, mji mdogo wa Ujerumani, katika kiwanda cha Ernst Leitz kilichosifika kwa kutengeneza hadubini. Humo alifanya kazi fundi mmoja aitwaye Oskar Barnack, mtu mwenye afya dhaifu, aliyechoka kubeba kamera kubwa za siku zile pamoja na vioo vyake vizito. Yapata mwaka 1914 alikamilisha kamera ndogo itumiayo filamu ya sinema, yenye upana wa milimita 35, ambayo picha yake ilikuwa ya milimita 24 kwa 36. Vita Kuu ya Kwanza iliichelewesha, na kamera ikaanza kuuzwa mwaka 1925 kwa jina la Leica. Sifa yake ilipoenea, waigaji hawakukosekana. Miongoni mwa wale wa mapema walikuwa vijana wa Kharkiv, katika Ukraine, yatima na watoto wa mitaani waliokusanywa katika makao yaliyoongozwa na mwalimu mashuhuri Anton Makarenko. Kuanzia mwaka 1934 kamera yao ilitengenezwa kwa wingi, ikaitwa FED, herufi za kwanza za jina la Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mkuu wa kwanza wa polisi ya siri ya utawala wa Kisovieti, ambaye makao yale yalipewa jina lake. Ni jina la ajabu kupewa kitu kilichofanywa na mikono ya watoto. FED za mwanzo zililinganishwa sehemu kwa sehemu kwa mkono, hata lenzi ya kamera moja aghalabu haikufaa kwa nyingine.

Ndani ya kamera hizi, mbele ya filamu, mna mapazia mawili ya kitambaa kilichopakwa mpira mweusi. Mpigapicha akizungusha kitasa cha juu, filamu husogea, na mapazia yote mawili huvutwa upande mmoja. Papo hapo springi mbili zilizofichwa ndani ya vijiti vyembamba, kila moja kwa pazia lake, hujikaza. Akibonyeza kitufe, pazia la kwanza hufyatuka na kukimbia, na nyuma yake nuru huingia. Kisha la pili hufyatuka na kulifuata ili kufunga njia. Kwa mwendo wa taratibu la kwanza huwa limekwisha kufika kabla la pili halijaanza safari. Lakini kwa mwendo wa kasi, tuseme sehemu moja ya mia tano ya sekunde, la pili huondoka la kwanza lingali njiani, na kati yao hubaki ufa wenye upana wa milimita chache tu. Ufa huo hupita mbele ya filamu kama mwanga wa tochi upitavyo juu ya ukuta, na picha nzima huandikwa nao. Mapazia yakikimbia kwa mwendo mmoja, upana wa ufa haubadiliki tangu mwanzo hata mwisho, na kila sehemu ya filamu hupata fungu lake la nuru. Pazia moja likichelewa, sehemu nyingine hupunjwa na nyingine huzidishiwa.

Sasa tuyaangalie maradhi. Mafuta aliyotiwa shata kiwandani hayakai kuwa mafuta milele. Sehemu yake nyepesi hutoweka, na ile nzito hubaki ikashika vumbi na kugeuka kuwa kitu kama ulimbo. Kamera iliyolala kabatini miaka thelathini, ikapata mvuke wa bahari kule Lamu au Mombasa, au vumbi jekundu la bara, haina budi kuugua. Vijiti vya mapazia huzunguka kwa taabu. Pazia la kwanza, lililozoea kuruka, hujikokota. La pili hulikaribia njiani, ufa ukazidi kuwa mwembamba kadiri safari iendeleavyo, na picha ikatoka upande mmoja una giza. Ugonjwa ukizidi, la pili hulipata la kwanza kabisa, na sehemu ya picha huwa nyeusi kama usiku.

Na hapa pana jambo ambalo kijana aliyezoea kupiga picha kwa simu hana budi kuelezwa. Simu humwonyesha mtu picha yake papo hapo, akaifuta, akapiga nyingine. Filamu haisemi neno. Kamera yenye shata bovu hulia mlio ule ule, au mlio usioweza kupambanuliwa na sikio la mtu wa kawaida. Arusi hupita, bibi harusi akavua mavazi yake. Mzee aliyepigwa picha pamoja na wajukuu wake akafa na kuzikwa. Ndipo filamu inapotolewa katika dawa na kosa likaonekana. Jambo likishapita halirejei kuja kusimama tena mbele ya lenzi. Priya Ramrakha, mpigapicha aliyezaliwa Nairobi, aliuawa mwaka 1968 katika vita vya Biafra akiwa kazini. Kama shata za wapigapicha wa wakati ule zingewadanganya, hapana mtu ambaye angeweza kuwarudisha kule walikokwenda wakapige upya.

Basi natuseme kamera kama hiyo imepelekwa kwa fundi. Mwenyewe ni mzee wa makamo aliyeirithi kwa baba yake, naye ataka kumpiga picha binti yake siku ya kuolewa kwa kamera ile ile iliyompiga yeye siku ya kuoa kwake. Huenda msomaji akaona ni matakwa ya upuuzi, maadamu simu iliyo mfukoni mwake yaweza kupiga picha elfu. Mimi sioni hivyo, ila sitabishana. Mzee ana haki ya kutaka.

Fundi ana njia mbili. Chini ya kamera, ukiisha kuondoa bamba la kitako, hupatikana skrubu mbili zinazotawala nguvu za springi zile mbili. Pazia la kwanza likichelewa, waweza kuikaza skrubu yake robo mzunguko, kisha robo nyingine, hata pazia likakimbia kama lilivyokimbia zamani. Ni kazi ya dakika chache na bisibisi moja. Ukitaka kupima baadaye kwa kifaa cha kisasa kinachoonyesha muda wa nuru kuingia na kutoka, utakuta hesabu ni sawa. Picha zitatoka safi, mwenye kamera atafurahi, atalipa, na huenda akawaleta rafiki zake.

Njia ya pili ni ndefu. Fundi huvua gamba la kamera, huziweka skrubu katika visahani kwa utaratibu wa kutoka kwake, kwa maana skrubu mbili zinazofanana kwa macho zaweza kutofautiana kwa urefu kiasi cha unene wa ukucha. Huosha ncha za vijiti na gia zake kwa benzini, kwa brashi ndogo na kijiti cha mti kilichochongwa, hata ule ulimbo ukaisha. Hutia mafuta mepesi kwa ncha ya sindano, tone ambalo halionekani isipokuwa limepigwa na mwanga, tena mahali pa kuzungukia tu; tone likianguka juu ya kitambaa huwa ni madhara mapya. Hukagua kitambaa dhidi ya taa, atafute matundu madogo yaliyochomwa na jua siku kamera ilipoachwa bila kifuniko cha lenzi, kwa kuwa lenzi haijui kutofautisha filamu na pazia, nayo huunguza kama kioo cha kukuzia kiunguzavyo nyasi kavu. Mwisho huzirudia zile skrubu mbili. Lakini safari hii huzilegeza springi kabisa, kisha huzikaza kidogo kidogo akihesabu, na husimama pale pazia linapoweza kufika mwisho wa safari yake vizuri bila kuchechemea. Hazidishi. Kwa fundi mzuri sifa ya springi ni ulegevu wake: kadiri inavyofanya kazi kwa nguvu ndogo ndivyo inavyoonyesha kwamba njia ni safi. Kazi hiyo humaliza siku nzima, na mara nyingine siku mbili.

Tofauti ya njia hizi ni kwamba ile ya kwanza haikuondoa ugonjwa. Uchafu ungalipo, na kila mwezi hukauka zaidi. Ni kama mtu mwenye punda aliyelegea kwa njaa, naye badala ya kumpa majani humwongezea fimbo; punda atakwenda, na mtu apitaye njiani ataona kuwa anakwenda. Pazia lililosukumwa kwa nguvu ya ziada hugonga mwisho wa safari yake kwa kishindo, kanda zake nyembamba huvutwa, na gundi iliyozishika tangu kiwandani huanza kuachia. Shata likianza kuchelewa tena, fundi yule yule au mwenziwe atakaza tena, hata ifike siku ambayo hakuna tena la kukaza.

Hapa ndipo mtetezi wa njia fupi anaposimama kunijibu, nami namsikiliza kwa heshima kwa sababu hoja zake si za mtu mjinga. Asema: "Mzee alikuja kutafuta picha za arusi, hakuja kutafuta vijiti vilivyooshwa. Picha amezipata. Umdhulumu vipi mtu aliyepata alichokitaka?" Tena asema: "Njia yako ndefu ina gharama kubwa kuliko bei ya kamera yenyewe. Mzee hana fedha hizo. Wataka nimfukuze?" Na mwisho, kwa sauti ya chini kidogo: "Nami pia nina watoto."

Hoja ya pili na ya tatu nazikubali. Sioni ubaya wowote katika kukaza springi. Yako mambo mengi yafanywayo kwa haraka kwa sababu haraka ndiyo iliyopo: daraja la magogo huwekwa mto ukifurika, na nguo hutiwa kiraka safari ikiwa imekaribia. Fundi anayeweza kumwezesha mzee kuipata arusi ya Jumamosi kwa kazi ya dakika kumi ametenda wema. Nguvu za hoja hizo mbili, hata hivyo, zinahusu bei na wakati. Haziigusi hoja ya kwanza, nayo ndiyo iliyobeba swali letu lote.

Mzee yule alipokuwa anatoa fedha zake, alinunua nini? Hakununua skrubu, maana skrubu alikuwa nazo tayari. Hakununua hata muda wa fundi, kwa maana hakuwapo kuuhesabu. Alikodi macho. Kamera ni yake lakini hawezi kuona ndani yake. Akifungua atakutana na vitu ambavyo havina maana kwake, na huenda akaviharibu. Kwa hiyo amemlipa mtu mwenye uwezo wa kuona ili amwonee. Fundi akifungua, akauona ulimbo, akakaza springi, akafunga, na akasema "Mzee, kamera yako imepona," amepokea ujira wa macho yake na macho yenyewe akayaficha mfukoni. Dhuluma imefanyika hapo, hata ikiwa picha zote thelathini na sita zimetoka kama kioo. Picha nzuri hazimrudishii mzee kile alichonyang'anywa, nacho ni kujua hali ya mali yake mwenyewe. Mwaka ujao atakapoipeleka kamera safarini au msibani ataitegemea kama kitu kizima, na haitakuwa hivyo.

Angalia sasa jinsi deni hili lilivyo dogo kulilipa. Fundi angeweza kusema: "Mzee, nimekaza springi tu. Kwa arusi ya Jumamosi itakufaa. Uchafu umo ndani bado, na mwakani huenda ikakuangusha. Ukipata nafasi niletee niifungue yote, na gharama yake ni kadha wa kadha." Maneno hayo hayahitaji benzini wala siku mbili. Mzee ataamua mwenyewe, kwa kuwa mali ni yake na fedha ni zake. Njia fupi ikitangazwa huwa ni huduma. Ikinyamaziwa huwa ni wizi, ijapokuwa bisibisi imezunguka kiasi kile kile katika hali zote mbili.

Sitamdanganya msomaji kwamba uaminifu wa namna hii hulipa sikuzote. Upande wa pili wa barabara yupo fundi mwingine ambaye humwambia kila mtu kwamba kitu chake kimepona kabisa, na watu hupenda kusikia habari njema. Mzee aweza kuondoka kwa yule aliyemwambia kweli akidhani hajui kazi, na kwenda kwa yule aliyemtuliza moyo. Wako mafundi waaminifu waliofunga vibanda vyao. Mwenye kuwafundisha vijana kwamba mwema lazima atafanikiwa huwafundisha biashara, naye hajawafundisha bado lolote juu ya haki. Kwa maana siku biashara itakapoharibika watakuwa hawana sababu ya kubaki wema. Mchungaji wa Plato naye alifanikiwa, akawa mfalme.

Lakini mdai si mwenye kamera peke yake. Yuko mwingine ambaye fundi hamjui, na yamkini hajazaliwa bado, naye ni fundi atakayeifungua kamera hiyo baada yake. Mtu huyo ndiye msomaji wa pekee wa kazi iliyofunikwa. Ataona kama vichwa vya skrubu vimekwanguliwa na bisibisi isiyolingana navyo. Ataona gundi iliyomwagwa mahali pasipostahili gundi. Ataona mafuta ya cherehani yaliyotiwa kwa wingi na mtu aliyekuwa na haraka, yakatiririka hadi juu ya mapazia. Naye kwake hakuna siri. Fundi wa saa wana desturi nzuri ya kukwangua alama ndogo ndani ya kifuniko cha saa waliyoitengeneza, hata saa kuukuu huwa na alama kadhaa za watu wasiopata kuonana. Naipenda desturi hiyo. Mtu atiaye alama yake mahali ambapo mwenye saa hataiona amekwisha kuikataa pete ya mchungaji.

Je, na kamera yenyewe haidai chochote? Wako watu wanaosema kwamba kitu kilichofanywa vizuri kina haki yake, na kwamba kukiharibu ni kuwavunjia heshima waliokifanya. Mimi nasitasita. Shaba haiumwi. Barnack alikufa mwaka 1936, na vijana wa Kharkiv hawatajua ni nani aliyeikaza springi yao Nairobi. Hata hivyo siwezi kusema kwamba hakuna kitu. Nimewaona watu wakiishika kamera ya namna hiyo iliyovuliwa gamba, na wote, hata wasiojua lolote juu yake, huishusha sauti. Vitu vya namna hii havizaliwi tena kwa wingi. Kiwanda cha Leica kingali kinatengeneza kamera chache za filamu, na bei yake si ya mtu wa kawaida. Kila iliyoharibiwa sasa ni moja iliyopungua katika hesabu isiyoongezeka sana. Kama hilo ni deni au ni huruma tu, namwachia msomaji apime.

Kuna udanganyifu mwingine, mwembamba zaidi, ambao huwapata hata mafundi walio waangalifu. Juu ya kamera pamechongwa namba za mwendo, na ya mwisho katika FED za mwanzo ni 500. Shata lililooshwa vizuri na kurekebishwa kwa subira, lakini lenye springi za miaka themanini, laweza kutoa sehemu moja ya mia nne, au ya mia tatu na hamsini. Tofauti hiyo kwa filamu ya kawaida ya negativu si kitu cha kulilia. Filamu hiyo husamehe nuru iliyozidi kidogo, ijapokuwa ile ya slaidi haisamehi. Lakini fundi anajua kwamba mwenye kamera, au rafiki yake mwenye kifaa, atapima, na namba itasema mia tatu na hamsini. Kishawishi cha kuikaza springi ile ili namba ifanane na ile iliyochongwa ni kikubwa sana. Naye akikaza, anaifanya kamera iseme uongo juu ya umri wake kwa gharama ya uhai wake, kama mzee aliyelazimishwa kucheza ngoma na vijana. Bora aandike kwenye kipande cha karatasi: 500 yako sasa ni 350, ya 100 ni sawa, ya 20 ni sawa. Mpigapicha akiwa na karatasi hiyo anaweza kufanya kazi vizuri kuliko mwenye kamera mpya asiyoijua, kwa sababu atapunguza nuru katika lenzi kwa kadiri anayoambiwa. Ukamilifu hakuahidiwa. Aliahidiwa kwamba ataambiwa.

Limesalia jambo moja ambalo mafundi hawapendi kulizungumza. Mara nyingi kamera huja ikiwa imekwisha kupita katika mkono wa mtu mwingine. Fundi huondoa bamba la kitako na kuona skrubu ya pazia la kwanza imekazwa mno, na vichwa vyote vimeparuzwa. Aseme nini? Kumtukana aliyetangulia ni rahisi, tena humpandisha msemaji machoni pa mwenye kamera; katika kila kazi, kuanzia ushonaji hata udaktari, mtu wa kwanza kulaumiwa ni yule ambaye hayupo. Naye hajui yule wa kwanza aliambiwaje. Huenda alikuwa na jioni moja tu kabla ya arusi. Huenda alimweleza mwenye kamera kila kitu, na mwenye kamera akasahau. Tena yeye mwenyewe aweza kuwa ni mtu wa kwanza wa mtu mwingine.

Naona yampasa aseme alichokiona, asiseme asichokijua. Basi hukaa, akawasha taa, akaingiza bisibisi inayolingana na kichwa cha skrubu, akaanza kulegeza polepole huku ameishika springi isifyatuke. Anahesabu kwa sauti: mzunguko mmoja, miwili, mitatu, mitatu na nusu. Pazia linalegea. Anaandika namba hiyo kwenye karatasi, pembeni mwake anaandika tarehe, kisha anavuta kisahani cha kwanza karibu naye na kuanza kuvua gamba.